Siku Kiboko Aliposhukuriwa Mbele ya Mgeni

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa kibaba na kinywa!
— Kibaba cha nani?
— Changu na chako!
— Na kinywa je?
— Mwenyewe tusimtaje, anasikia!

Haya, sogeeni. Mikono iendelee kumenya mbaazi, masikio ndiyo yakae kitako. Na kwanza nishukuru, maana mimi siwezi kuanza jambo bila kushukuru, ndivyo nilivyolelewa. Asante aliyenipa maji ya kulowanisha koo. Asante aliyetandika mkeka. Asante nawe Mwajabu uliyekaa hapo mbele ukiniziba upepo, sogea kidogo mwanangu, asante. Na wale wanaosema kwamba ngano ikisimuliwa mchana msimuliaji huota pembe, waje wanipapase kichwa. Wakiikuta pembe nitaishukuru nayo, nitaanikia kanga.

Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ikiitwa Mawemawe. Jina lake ndiyo sura yake: mawe huku, mawe kule, na katikati lambo moja. Lambo hilo walilichimba mababu wa wanyama, wakaliwekea tuta la udongo upande wa chini ili maji ya mvua yasikimbie. Mvua ikinyesha, lambo linajaa. Lambo likijaa, wote wanakunywa mpaka mvua nyingine. Mto nao ulikuwapo, lakini mbali, mbali, mbaaali. Mwenye miguu mirefu aliufikia akiwa hoi. Mwenye miguu mifupi, Mungu ndiye anayejua.

Sasa, tuta la udongo halijitunzi. Linataka wachimbaji, na mchimbaji anataka kula. Ndiyo maana mababu waliweka kodi, na kodi yenyewe hata mtoto aliijua: kila kinywa, kibaba. Wakati wa mavuno, kila kinywa kinachokunywa lambo kilitoa kibaba kimoja cha mtama. Mtama uliingia ghalani kwa mfalme, ukapikwa, ukawashibisha wachimbaji, na tuta likasimama. Mnyama akishalipa alisema "asante" mwenyewe, maana alijua kwamba anajilipia maji yake.

Nzuri hiyo kodi? Nzuri. Tatizo halikuwa kodi. Tatizo lilikuwa mfalme.

Mfalme wa Mawemawe alikuwa Kiboko. Kiboko akitembea: ndi! ndi! ndi! Akikaa: puu! Akipiga mwayo, popo waliingia wakidhani wamepata pango. Na Kiboko alikuwa mnyama wa sheria, msimwonee. Kodi ni kila kinywa kibaba, naye alifungua kinywa chake mbele ya watu, aaaaah, akasema, "Hesabuni."

Wanyama wakahesabu. Kimoja.

"Basi," akasema Kiboko, "kibaba kimoja." Akakifunga: kap!

Kwa hiyo Kiboko alilipa kibaba kimoja. Na Mama Digidigi, yule swala mdogo mwenye miguu kama vijiti vya mishikaki, alilipa vibaba vitatu, kwa kuwa alikuwa na watoto wawili. Mnaniuliza hiyo ni haki? Mimi nasimulia tu, msinitie matatani.

Mtama ukaingia ghalani. Ukaingia, ukaingia, ukaingia. Lakini kutoka, haukutoka. Tuta likapasuka ufa. Ufa ukawa tundu. Tundu likawa pengo ambalo nguruwe wawili wangepita wameshikana mikono. Mvua ikanyesha, maji yakaja, yakapiga hodi kwenye lambo, yakapita moja kwa moja kwenda zake. Kiangazi kilipofika lambo lilikuwa tope, kisha likawa vumbi. Ikabidi waende mtoni. Mama Digidigi alikwenda mtoni na watoto wawili, akarudi na mmoja.

Hakulia mbele za watu. Lakini tangu siku hiyo, kila alipolala alimlaza yule aliyebaki chini ya shingo yake, naye mwenyewe akakesha macho wazi.

Sasa mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa milimani, na pengo lilikuwa bado pengo. Mvua ikitangulia kabla tuta halijashonwa, ni safari ya mtoni tena. Kila mtu alilijua hilo, na Mama Digidigi alilijua kuliko wote.

Ikafika siku ya bajeti. Wanyama wote wakakusanyika barazani. Waziri wa Hazina alikuwa Korongo, mrefu, mwembamba, amesimama kwa mguu mmoja ili mwingine usichakae. Akanyanyua mkoba wa ngozi juu, wote wauone. Wanyama wakapiga makofi: kwa-kwa-kwa-kwa! Ndani ya mkoba hamkuwa na kitu ila chura wake wa chakula cha mchana, lakini mkoba ulinyanyuliwa vizuri, tuseme ukweli.

"Mtukufu Mfalme," Korongo akaanza, "waheshimiwa, na nyinyi wengine. Mtama wa mwaka huu umegawanywa kwa haki. Fungu la kwanza, chai ya Mfalme. Fungu la pili, vitafunio vya chai ya Mfalme. Fungu la tatu, safari ya Mfalme kwenda kujifunza jinsi wenzetu wanavyokunywa chai. Fungu la nne, uzio mrefu wa miiba kulizunguka ghala, ili mtama usiibiwe."

"Usiibiwe na nani?" ikauliza sauti nyembamba.

"Na wenyewe," akajibu Korongo, kisha akakohoa.

Sauti ile ilikuwa ya Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnyama wa kwenye nyufa za mawe, kimo chake cha sungura aliyekatwa masikio, na mkia hana. Bi Pimbi hakuwa na mkia, lakini ulimi aliupata wa kutosha.

"Na lambo, Mheshimiwa?" akauliza.

"Lambo lipo moyoni mwa serikali," akasema Korongo.

"Asante. Na tuta?"

"Lipo moyoni pia."

"Moyo huo unavuja au hauvuji?"

Wanyama wakacheka kidogo, wakanyamaza haraka. Kiboko aligeuza shingo, polepole. Bi Pimbi akasimama juu ya jiwe ili aonekane. "Mtukufu, sisi hatukatai kodi. Kodi ni yetu, tuliiweka wenyewe, na aliyekunywa maji hawezi kuichukia. Tunauliza mawili tu. Mbona kinywa cha Mama Digidigi na kinywa chako vinalipa sawa, na havinywi sawa? Na mbona tumelipia tuta, tunaletewa uzio?"

"Sawa ni sawa," akasema Kiboko. "Kinywa ni kinywa. Anayeona analipa vingi apunguze vinywa."

Kila mmoja alimtazama Mama Digidigi, kisha akatazama chini. Mama Digidigi alikwishapunguza kimoja.

Hapo ndipo Bi Pimbi alipochemka, nami nikifika hapa huchemka naye. Angeweza kutukana. Matusi alikuwa nayo, tena ya kuchagua. Lakini Kiboko alikuwa ameinua mguu juu ya lile jiwe, na mguu wa Kiboko haujadili. "Una la ziada?" akauliza Kiboko.

"Sina, Mtukufu. Asante."

"Asante ya nini?"

"Asante tu."

Na Bi Pimbi akaona kitu. Neno lile lilipotoka, masikio madogo ya Kiboko yalicheza yenyewe: fru-fru-fru! Mguu ukashuka taratibu, pembeni ya jiwe. Kiboko alikuwa akisubiri lingine. Bi Pimbi akasema tena, "Asante." Fru-fru-fru! Mnyama mzima yule, mwili kama kichuguu, anatekenywa na neno moja.

Bi Pimbi akaenda nyumbani, akalala ubavu huu, akalala ubavu ule. Asubuhi akawaita majirani, akasema, "Jamani, tumfanyie Mfalme ngoma ya shukrani."

"Ngoma ya nini?" akafoka Ngiri. "Tumshukuru kwa lipi? Kwa kutukalia?"

"Kwa tuta."

"Tuta gani?"

"Lile ambalo hajalishona."

Sasa lazima niwaeleze desturi, msije mkapotea njiani. Kwa wanyama wa Mawemawe, asante ya hadharani haikuwa mchezo. Ukishukuriwa kwa ngoma, unaletewa tawi bichi. Ukilipokea tawi, umekiri kwamba jambo lile umelitenda, na kama yupo mgeni mkubwa, ana haki ya kwenda kuliona kwa macho yake kabla hajagusa chakula. Kama hukulitenda, unalirudisha tawi, unasema, "Bado sijastahili," na hakuna anayekucheka. Watu hukupenda zaidi. Lakini ukilipokea bure, wewe ni mwongo mbele ya mgeni. Na huko Mawemawe mwongo mbele ya mgeni hakuwa na pa kuweka uso. Mwizi alipewa kigoda, yeye hakupewa.

Ndiyo maana wanyama walirudisha matawi mengi kuliko waliyopokea. Ila Kiboko. Kiboko tangu azaliwe hakuwahi kurudisha kitu alichopewa.

Ngiri alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini. Lakini Mama Digidigi hakucheka. "Shoga," akamwambia Bi Pimbi, "kinywa changu hakitamtolea asante yule. Nikijaribu kitaoza."

"Usiimbe, shoga yangu. Asante ya uongo tutaimba sisi, tuna meno magumu. Wewe beba matawi tu."

Bi Pimbi akaenda kwa Mfalme. Akapiga magoti, ingawa kwa pimbi kupiga magoti na kusimama hakuna tofauti kubwa. "Mtukufu, raia wako wanataka kukushukuru."

Fru-fru! "Kwa lipi?"

"Kwa mengi. Tukianza kuyataja hapa utachelewa chai."

"Watanishukuru kwa sauti?"

"Kwa ngoma, Mtukufu. Tatizo ni moja tu. Asante ya sisi kwa sisi haifiki mbali. Mtu mkubwa hushukuriwa mbele ya mtu mkubwa mwenzake."

Kiboko akafikiri, na kufikiri kwake kulisikika tumboni: gwrrr. "Mwite Malkia Twiga," akasema. "Aje aone jinsi ninavyopendwa."

"Wewe ndiye uliyesema, Mtukufu. Asante."

Fru-fru-fru!

Siku ikafika. Malkia Twiga akaja kutoka nchi ya Migunga, kichwa chake kikitangulia na mwili ukifuata nyuma kama mzigo uliosahauliwa. Akakaribishwa, akasalimiwa, akapewa mahali pa kivuli. Chakula kikaandaliwa, kikafunikwa. Ngoma ikaanza: tindi-tindi-ti! tindi-tindi-ti! Bi Pimbi akaruka katikati, akaimba, na wote wakaitikia:

*Asante ee Kiboko,* — asante!
*Tuta umelishona,* — asante!
*Maji yatalala,* — asante!
*Wachanga watakunywa,* — asante!

Kiboko hakusikia tuta. Hakusikia maji. Alisikia asante, asante, asante, asante, na masikio yake yakapepea karibu yamwinue. Mama Digidigi akaja kimya, akainamisha kichwa, akaweka tawi bichi mbele yake. Korongo, ambaye aliijua desturi, akanong'ona, "Mtukufu, lirudishe! Lirudishe haraka!"

"Nirudishe nini?" akasema Kiboko. "Nimeshalimeza."

Na kweli, kwacha-kwacha-kwacha, tawi lilikuwa limekwisha. Wazee walikuwa wamewahi kuona tawi likipokewa. Likimezwa, hawajaona.

Tindi-tindi-ti! Bi Pimbi akaruka tena:

*Asante ee Kiboko,* — asante!
*Kinywa umekipima,* — asante!
*Kikubwa ni kikubwa,* — asante!
*Walipa kwa ujazo,* — asante!

Tawi la pili. Kwacha-kwacha-kwacha! Korongo akabadilisha mguu, jambo ambalo halikupata kutokea hadharani.

Ngoma ikanyamaza. Malkia Twiga akainua shingo. "Nimefurahi kusikia haya," akasema. "Mfalme anayewashonea raia wake tuta, tena analipa kodi kwa ukubwa wa kinywa chake, sijawahi kumwona. Basi kabla sijaonja chakula, nionyesheni hilo tuta."

Kiboko akatazama chakula. Akamtazama Korongo. Korongo alitazama angani, na angani mawingu yalikuwa yamekuwa meusi. Wakaenda lamboni, wote, mguu mosi mguu pili. Walipofika, pengo lilikuwa pale pale, linapiga mwayo kama Mfalme mwenyewe.

"Tuta lililoshonwa liko wapi?" akauliza Malkia Twiga.

Kiboko akaanza kutoka jasho. Jasho lenyewe jekundu, na tangu siku hiyo jasho la kiboko ni jekundu, nendeni mkaangalie. "Malkia," akasema, "nia ilikuwapo. Lakini hazina imekauka. Mwaka ulikuwa mbaya. Ghalani hakuna hata punje."

"Pole sana," akasema Twiga. Kisha akanyoosha shingo kidogo tu, ajinyooshe kwa uchovu wa safari. Ghala lilikuwa pale pale kando ya lambo, na ule uzio wake wa miiba ulikuwa umeshajengwa, tena mrefu. Hakuna mnyama wa Mawemawe aliyewahi kuona upande wa pili. Lakini mrefu kwa pimbi si mrefu kwa twiga. "Lo," akasema Malkia, "na huu mtama ulio chini ya kidevu changu ni wa nani? Maana umejaa mpaka unaota ukungu."

Jamani! Wanyama waliguna kwa pamoja: mmmmh! Korongo akaficha kichwa bawani. Ngiri akaanza kunoa meno kwenye jiwe. Kiboko akavimba, akavimba, akafungua kinywa chake chote, na kila mtu akajua kwamba sasa ama atasema neno ama ataua mtu.

Hapo, wanangu, ndipo Bi Pimbi alipokuwa amemshika. Angeweza kusema neno moja, mwongo, na Kiboko angeondoka Mawemawe siku hiyo hiyo akiwa hana hata kigoda. Raha ilioje! Nisingeweza kujizuia mimi. Lakini Bi Pimbi alitazama mawingu, akamtazama yule mtoto wa Digidigi aliyesimama kwenye pengo akilamba jiwe kavu. Aibu ya Kiboko isingeziba hata tundu la mchwa. Udongo ndio ungeziba.

"Malkia," akasema kwa sauti ya asali, "usimdhanie vibaya Mfalme wetu, ni mnyenyekevu tu, hapendi kujisifu. Mtama huo ni wa tuta. Ameuhifadhi punje kwa punje. Alitaka tuta lishonwe mbele yako, lipate baraka ya mgeni. Siku yenyewe ndiyo leo. Si ndivyo, Mtukufu?"

Kinywa cha Kiboko kilikuwa bado wazi. Kikabaki wazi. Alimtazama Bi Pimbi, akamtazama Twiga, akaitazama ile njia ya kwenda mtoni, ndefu na ya vumbi, ambayo mwongo angeifuata peke yake.

"Nd...," akasema. Akameza mate: gudu! "Ndivyo."

"ASANTE!" wakaitikia wote.

Uzio ukang'olewa: fyeku! fyeku! Vyungu vikainjikwa. Mtama ulioota ukungu ukapelekwa kando, na ule mzima ukapikwa ugali mwekundu, moto, wachimbaji wakala mpaka matumbo yakalia kama ngoma. Kisha ikaja ile kodi ya ujazo. Mfalme alifungua kinywa, aaaaah, wakamimina mtama kibaba baada ya kibaba wapime.

"Kimejaa?"

"Bado!"

"Kimejaa?"

"Bado!"

"Kimejaa?"

"Aaah!" akasema Kiboko, maana kinywa kilikuwa kimejaa. Wakaupakua wote, wakamwambia ndicho kiasi chake cha mwaka huu, na wakamshukuru.

Kisha kazi. Ngiri alichimba: kwi! kwi! Tumbili wakapokezana vikapu. Mchanga, mawe, udongo wa mfinyanzi. Lakini udongo usiposhindiliwa ni uji tu, na nani wa kuushindilia? Bi Pimbi akamtazama Mfalme, akaanza kuimba polepole, "Asante ee Kiboko..." Kabla hajafika mstari wa pili, Kiboko alikuwa juu ya tuta. Akakaa: puu! Akainuka, akasogea, akakaa: puu! Puu! Puu! Toka mwanzo wa pengo hadi mwisho. Malkia Twiga alisema hajapata kuona makalio ya kifalme yenye manufaa namna ile. Na Kiboko, niamini nikuambie, alifurahi. Jasho jekundu lilimtiririka, lakini masikio yalikuwa fru-fru-fru. Labda ilikuwa mara yake ya kwanza kusifiwa kwa jambo alilolifanya kweli.

Mvua ikaja. Kwanza radi: nguu-ngu-ngu. Kisha tone: pa. Tone jingine: pa. Kisha pa-pa-pa-pa-pa, kisha shwaaaaaa! Maji yakateremka kutoka milimani, yakapiga hodi kwenye lambo, na safari hii yakaambiwa karibuni, kaeni. Yakagonga tuta. Wanyama wakashika pumzi. Tuta likagugumia, likatulia. Maji yakapanda, yakapanda, yakalala.

Mtoto wa Digidigi akateremka ukingoni kwa vijiguu vyake. Akainama. Gu, gu, gu, gu, gu. Akainua kichwa, pua imelowa, akapiga chafya, akainama tena. Gu, gu, gu. Mama Digidigi alisimama akimtazama. Usiku ule alilala usingizi wake wote, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Asubuhi alikwenda kwa Kiboko peke yake. Hakuna ngoma. Hakuna tawi. Hakuna mgeni, Malkia Twiga alikwisharudi kwao, ameshiba. Kiboko alikuwa ameketi ukingoni. Alipomwona akashtuka, maana sasa alimwogopa kila aliyemkaribia, akidhani amekuja kumshukuru.

"Asante," akasema Mama Digidigi.

"Kwa lipi?" akauliza Kiboko, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa kuukalia udongo. Umeukalia vizuri, haukuvuja. La yule mwanangu mwingine sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Lakini huyu amekunywa, na mwenye mtoto aliyekunywa lazima ashukuru. Nimeshukuru."

Akageuka, akaenda zake.

Masikio ya Kiboko hayakucheza. Alifungua kinywa chake chote, kile cha vibaba vyote vile, na humo halikupatikana neno hata la kujaza kijiko. Akaingia majini taratibu. Maji yakafika magotini, yakafika mgongoni, yakafika mashavuni. Chubwi! Yakabaki macho na matundu ya pua. Na tangu siku ile, kiboko hushinda majini mchana kutwa, anachungulia tu. Hutoka kula majani usiku, watu wakishalala, wasije wakakutana naye njiani wakamwambia asante.

Mawemawe walibaki na lambo lao. Kodi waliendelea kuilipa, kila kinywa kwa ujazo wake, na wengi walilipa wakiimba. Bi Pimbi alitengewa tawi bichi. Akalirudisha. "Bado sijastahili," akasema, "mimi sikubeba hata kikapu." Wakampenda zaidi.

Haya, sasa funzo, maana ngano bila funzo wazazi wenu watasema nawapotezea muda. Funzo ni hili: raia mwema haulizi kodi yake imekwenda wapi. Kuuliza ni utovu wa adabu. Raia mwema hulipa, hufunga mdomo na kushukuru. Basi nendeni mkashukuru. Shukuruni daraja ambalo halijajengwa, mlitaje kwa jina lake. Shukuruni dawa ambazo hazijafika zahanati. Shukuruni kwa sauti, kwa ngoma, bila kinyongo, tena mchague siku ambayo amekuja mgeni mwenye shingo ndefu. Na waliotenda kweli, waliochimba, waliobeba, waliokalia udongo ukakaza, hao wafuateni kimya kimya muwaambie asante bila ngoma. Hiyo ndiyo nzito.

Ngano yangu nimeitua hapa. Iliyoiva mle nyinyi, iliyoungua niachieni mie nikwangue sufuria.

Na wewe Mwanahija, kabla sijasahau, asante kwa kunipelekea mahindi yangu mashineni yakasagwa. Umefanya vizuri sana, mwanangu, Mungu akuzidishie. Eti nini? Bado hujapeleka? Asante hivyo hivyo. Mama yako huyo hapo mlangoni, amesikia.